Baba alizikwa 2021, lakini kila mtoto akikohoa moyo wangu unataka kutoka

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, nauza vitenge na mashuka sokoni Majengo, hapa Dodoma. Februari 2021 baba yangu alifariki kwetu Kondoa. Aliumwa siku chache tu, kifua kikambana, hospitali wakasema ni nimonia kali. Wiki moja kabla nilikuwa nimekwenda kumwona nikitokea sokoni, na nilikuwa na mafua. Msibani watu walikuja wachache, wakakaa mbalimbali, jioni wakaondoka. Hakuna aliyelala. Tangu hapo sijawa sawa. Mwanangu akikohoa usiku naamka, namgusa paji la uso, namvalisha kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kisha najipima na mimi, wakati mwingine mara tano kwa usiku mmoja. Januari 2025 ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg kule Biharamulo nilishindwa hata kufungua biashara. Kuna siku moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, najiona nakufa. Nimepimwa presha na moyo, naambiwa sina kitu. Mume wangu anasema korona imeshapita na wenzangu wote wamesahau. Ndugu wengine wanasema imani yangu ni ndogo. Je, ni kweli mimi tu ndiye niliyebaki nyuma? Na kama nahitaji msaada, lazima niende hospitali ya akili ya Mirembe? Naogopa watu watanionaje.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba wa baba. Najua imepita miaka, lakini kwa ulivyoandika naona pole hiyo hukupewa ya kutosha wakati wake, na huko nitarudi. Kwanza niondoe lile linalokunyima raha: ulichoeleza si kurukwa na akili. Kinaonekana ni ugonjwa wa wasiwasi, na chini yake kuna msiba ambao haujaisha. Vyote viwili vinatibika, na tangu 2020 vimewapata watu wengi mno, wengi wao wakiwa kimya kama wewe.

Nianzie kwenye zile siku unazojiona unakufa, maana hizo ndizo zinazokupeleka hospitali na kukurudisha bila jibu. Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, na wewe bila kujijua unaanza kupumua harakaharaka, pumzi za juujuu. Ukipumua hivyo kwa dakika chache unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko ile mwili unayotengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa kidogo, kichwa kinakuwa chepesi na macho yanaona ukungu. Neva nazo zinakuwa nyepesi kushtuka, ndiyo hiyo ganzi ya vidole, na wengine huisikia hata kwenye midomo. Kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imefanya kazi ya ziada. Sasa wewe uliyemwona baba akiondoka kwa kubanwa kifua, unazisoma dalili hizo kuwa ni mwanzo wa safari ileile. Unaogopa zaidi, unapumua kasi zaidi, na mambo yanazidi.

Ajabu yake ni kwamba wakati huo unapojisikia huna hewa, oksijeni yako inatosha kabisa. Ndiyo maana kifaa chako kinakuonyesha 97 au 98 na wewe huamini macho yako. Kipimo cha mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu. Hofu ya namna hii hupanda hadi kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Inatesa, lakini haiui.

Kwa hiyo waliokuambia huna kitu walikuwa sahihi kuhusu moyo wako, ila walikuacha njiani. Kuwa na moyo mzima si sawa na kutokuwa na kitu. Wagonjwa wa aina yako huwafikia wataalamu wa akili wakiwa wameshapita mapokezi mengi: wamepimwa malaria, wamepimwa taifodi, wamepewa dawa za vidonda vya tumbo, wamepewa vitamini. Kama hujawahi kupimwa wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo, na pumu, omba upimwe, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kabisa kuupeleka moyo mbio. Pimwa mara moja, dada. Si kila mwezi.

Ikikushika tena, keti, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita, uendelee hivyo dakika tano. Wengi wakiambiwa "pumua" hujaza kifua kwa nguvu, na hapo wanaongeza tatizo lenyewe. Kinachotuliza ni kule kutoa. Kupumulia ndani ya mfuko, kama ulishawahi kufundishwa, achana nako. Na uwe na huruma na mapafu yako kati ya Julai na Oktoba: upepo na vumbi la Dodoma unavijua mwenyewe, nusu ya mji inakohoa. Jirani yako wa kibandani anakohoa, anatema, anaendelea kupima kitenge. Wewe kikohozi hichohicho unakipeleka hadi makaburini.

Kwa nini wewe na si yeye? Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, amigdala, ambayo kazi yake ni kukumbuka alama za hatari, na hukumbuka kwa pupa: sauti ya kikohozi, harufu ya mvuke wa mchaichai na mikaratusi, simu inayoita usiku. Haingoji ushahidi, na taarifa za habari haizifuatilii. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona Mei 5, 2023, lakini tangazo hilo lilisomwa kwa serikali, halikusomwa kwa amigdala ya mtu yeyote. Sehemu hiyo hujifunza kwa njia moja tu, kukutana na alama ileile mara nyingi bila baya kutokea. Na wewe, kwa kujipima kila mara, unaizuia isijifunze. Nitaeleza hilo mbele.

Sasa swali lako kuhusu wenzako. Janga lilitangazwa rasmi duniani Machi 11, 2020, na mgonjwa wa kwanza nchini kwetu akatangazwa Machi 16. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka ule wa kwanza wasiwasi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2020 pekee kulikuwa na visa vya ziada milioni 76 vya ugonjwa wa wasiwasi na milioni 53 vya sonona, na walioumia zaidi ni wanawake na vijana. Nakuomba usizibebe takwimu hizi kama za kwetu moja kwa moja, kwa sababu data nyingi zilitoka nchi tajiri. Lakini zinatosha kukuonyesha kuwa hauko peke yako.

Upande wa pili nao ni kweli. Watu wengi waliyumba kwa miezi michache kisha wakasimama bila kuonana na daktari yeyote. Hata lile wimbi la watu kujiua lililohofiwa sana halikuonekana katika miezi ya mwanzo. Uchambuzi wa nchi 21, nyingi zikiwa za kipato cha juu, haukukuta ongezeko. Binadamu ni mgumu kuliko anavyodhaniwa. Kwa hiyo mume wako hakosei sana. Anakosea kwenye neno "wote". Wapo waliobaki na mzigo, na wanajulikana ni akina nani: waliofiwa, waliougua vibaya wenyewe, waliokuwa na matatizo ya akili tangu awali, waliopoteza kipato ghafla, manesi na madaktari waliokesha wodini. Kwenye kumbukumbu za matibabu za watu zaidi ya 230,000 waliougua korona, nyingi zikiwa za Marekani, karibu theluthi moja walikutwa na tatizo la akili au la mfumo wa fahamu ndani ya miezi sita, ingawa baadhi yao walikuwa nalo tangu zamani.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya nje havitakusaidia. Sehemu kubwa ya yale yanayoandikwa kuhusu janga na akili yametoka kwa watu waliofungiwa ndani. Tangu ule ugonjwa wa SARS wa 2003 tunajua kufungiwa kunaumiza: kule Toronto watu 129 waliokuwa wamewekwa karantini waliulizwa hali zao, na karibu asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe, asilimia 31 za sonona. Sisi hatukupita huko. Shule na vyuo vilianza kufungwa Machi 17, 2020. Vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29. Lakini sokoni ulikuwa unakwenda, daladala zilitembea, misikiti na makanisa viliendelea. Upweke wa chumbani haukuwa ugonjwa wetu mkubwa.

Chetu, kwa maoni yangu, kilikuwa kutojua. Takwimu za taifa zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikurudi hadi katikati ya 2021. Katikati hapo, hasa zile wiki za mwanzo wa 2021 ulipofiwa, matangazo ya misiba yalikuwa yanafuatana, ya watu wakubwa na wadogo, na maneno yaliyosikika ni nimonia na changamoto ya upumuaji. Yaliyobaki kila mtu aliyajaza mwenyewe. Kuna waliojifukiza nyungu asubuhi, mchana na jioni. Kuna waliomcheka mwenye barakoa. Sina haja ya kufukua ubishi ule hapa. Nasema tu kama mtu wa saikolojia kwamba hatari iliyopimwa mtu anaweza kuizoea, lakini isiyopimwa hukua kwa kadiri ya kichwa cha mwenye nayo, na kichwa kilichotoka kuzika huikuza mara mbili.

Ongeza na zile sauti za WhatsApp, za yule "daktari" asiye na jina, "sambaza kwa wote uwapendao". Mwaka 2013, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni kule Boston, watafiti waligundua kuwa watu waliofuatilia habari za tukio saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwapo pale mabomu yalipolipuka. Simu inaweza kukupeleka karibu na hatari kuliko miguu yako.

Basi tuje kwenye msiba, maana naamini hapa ndipo penye kiini chako.

Fikiria msiba wa kawaida wa kwetu. Kila anayefika, baada ya pole, anaketi mkekani na kuuliza, "Hivi ilikuwaje?" Na mfiwa anaeleza: alianza kuumwa lini, alikula nini, alisema nini mwisho, nani alipigiwa simu. Anafika mwingine, anaeleza tena. Shangazi kutoka Mpwapwa, tena. Kufikia siku ya tatu ameshaisimulia habari hiyo mara nyingi mno, na kila mara machozi yanapungua kidogo, mpangilio unakaa sawa, na katikati kuna mtu mzima anayekatiza, "Hilo usijilaumu, hata mimi ningefanya hivyo." Usiku watani wanafika na vituko vyao, watu wanacheka mbele ya kaburi bichi bila aibu. Mtu anaweza kuona hayo ni mila tu. Mimi nayaona ni tiba. Sisi wataalamu wa kiwewe tunamketisha mgonjwa kwenye kiti, kwa miadi, tena kwa malipo, tunamwomba aisimulie tena na tena habari inayomtisha mpaka ikose meno. Mkeka wa msibani umekuwa ukifanya kazi hiyo kabla chuo chochote hakijafunguliwa.

Korona iliuondoa mkeka. Kwako watu walikuja wachache, wakakaa mbali, jioni wakaondoka. Naomba ujiulize kwa utulivu: ni nani aliyekuuliza ilikuwaje, akakaa akusikilize hadi mwisho? Naona kama mimi ni wa kwanza, na nimekuuliza kwa maandishi. Habari ya kifo cha baba yako haikupata kusimuliwa, ndiyo maana inajisimulia yenyewe usiku, kwa njia ya moyo kwenda mbio. Vitabu vya magonjwa navyo vimeshalitambua tatizo hili: katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, majonzi mazito yanayodumu zaidi ya miezi sita na kumvuruga mtu kwenye maisha yake yana nafasi yake kama ugonjwa. Sikuambii kuwa ndio huo wako. Hilo linataka mtu akuone ana kwa ana. Nakuambia kuwa liko, na lina tiba.

Wakati mwingine naambiwa kuwa wazee wetu walipita kwenye makubwa kuliko haya bila wanasaikolojia. Ni kweli walipita. Huku Ugogo, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua zikakosekana, ikaja na ile homa ya mafua iliyozunguka dunia 1918 na 1919. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu kama 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo walikufa. Lakini wale wazee hawakunyamaza. Waliipa njaa ile jina, Mtunya, wakaisimulia kwa watoto na wajukuu, hata watafiti walipofika miaka mingi baadaye walikuta inasimulika. Kumwambia mfiwa wa 2021 "imeshapita, nyamaza" si kufuata njia ya wazee.

Kuna lile la mafua, uliloliandika kwa mstari mmoja na kulipita haraka. Nadhani ndilo zito kuliko yote. Sitakuambia kuwa si wewe uliyempelekea baba korona, kwa sababu mimi sijui na wewe hujui, na nikikuhakikishia nitakuwa nakufariji kwa uongo utakaoushtukia usiku wa leo. Tunachojua ni hiki. Kirusi kile kiliweza kuambukizwa na mtu siku mbili kabla hajajisikia vibaya, na hata na mtu ambaye hakuwahi kujisikia vibaya. Wiki zile kilikuwa kimezagaa. Baba yako naye alikuwa na majirani, alikuwa na ibada, alikuwa na mnada na watu wa kumshika mkono. Mafua yako yangeweza kuwa mafua tu. Na hata kama kirusi kilipita kwako, kosa linahitaji mtu ajue anachofanya. Wewe ulikwenda kumjulia hali mzazi wako. Ungekaa mwaka mzima bila kwenda, leo ungeniandikia barua nyingine ya majuto.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayokupa haiko hospitali. Ongea na ndugu zako, mpange siku mkutane Kondoa, hata kama imechelewa miaka. Dua au ibada, kwa kadiri ya dini yenu, pikeni chakula, waite wale ambao 2021 walikaa mbali au hawakufika kabisa. Mwambie mapema mtu mzima mmoja unayemheshimu, shangazi au baba mdogo, akuulize mbele ya watu ilikuwaje. Eleza yote, pamoja na mafua. Kama unaona huwezi kulisema hilo mbele ya wengi, anza na mtu mmoja. Hutapona siku hiyo, lakini utakuwa umeanza pale palipokatika.

Kazi ya pili ni kile kifaa. Kila unapojipima na kukuta 98 unapata nafuu ya dakika chache, na ubongo unajifunza somo baya: "Tumepona kwa sababu tumepima." Kesho unadai tena. Ndiyo sababu hofu haipungui ingawa majibu ni mazuri kila siku. Usikitupe kwa hasira, watu wengi hukitupa Jumatatu na kununua kingine Jumatano. Wiki ya kwanza andika tu kwenye daftari ni mara ngapi umepima. Wiki ya pili, ukisikia hamu ya kupima, subiri dakika kumi kwanza. Kisha ishirini. Kisha mpe kifaa mume wako akifungie, na mkubaliane naye mapema lini kitatoka: mtoto akiwa na homa kali, akipumua kwa kasi hadi mbavu zinavutwa ndani, akishindwa kunywa au kula, akilegea. Hizo ni dalili za kumkimbiza kituo cha afya hata bila kifaa. Kikohozi peke yake hakimo. Siku za mwanzo utateseka, nakuambia mapema usije ukadhani umekosea.

Fanya hivyo pia kwa ajili ya mtoto. Mtoto hujifunza ukubwa wa hatari kwa kuusoma uso wa mama yake kabla hajajua maana ya maneno. Akiamshwa usiku kwa taa na kifaa kidoleni, anahitimisha kuwa kulala ni jambo la hatari. Hujaniambia umri wake wala kama ameanza kuogopa mwenyewe. Mwangalie kama anakataa shule, anaosha mikono hadi inapasuka, au analalamika tumbo kila asubuhi. Ukiona hayo, mpeleke naye.

Kuhusu Marburg, niseme kwa ufupi. Tangazo la Januari 20, 2025 lilitolewa hapahapa Dodoma, na naelewa kwa nini liliamsha kila kitu. Lakini ugonjwa ule hausambai kwa hewa kama korona. Unataka mtu aguse damu au majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Mlipuko ulitangazwa kuisha Machi 13 mwaka huohuo. Ulikuwa umeua watu kumi, na wote walihusiana na eneo lile la Biharamulo. Tangazo lijalo, maana litakuwepo, jiulize maswali mawili tu: unaambukizwaje, na uko wapi. Soma taarifa ya Wizara ya Afya mara moja kwa siku. Makundi ya WhatsApp yazime sauti.

Hao ndugu wanaosema imani yako ni ndogo wana nia njema, na sala yenyewe husaidia. Wagonjwa wanaosali na kuwa na jamaa wa ibada mara nyingi huwa na mtu wa kuwashika mkono. Tatizo ni kuifanya hofu kuwa dhambi. Mtu akiambiwa hivyo anaacha kusema, na anaendelea kuogopa akiwa amenyamaza. Mume wako naye mpe kazi badala ya lawama. Mwombe asikuambie "imeshapita." Akuulize, "Leo iko wapi, kwa kumi?" Ukisema saba, akae nawe, mpumue pamoja, asitoe hotuba.

Dawa? Zipo, na kwa baadhi ya watu zinahitajika. Zile za kutibu wasiwasi na sonona, kama fluoxetine au sertraline, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na huandikwa na daktari anayekufuatilia. Usikubali kwenda duka la dawa kununua Valium "ya kulalia". Inatuliza usiku huo, lakini mwili huizoea upesi, na kuiacha ni kazi nyingine. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vipunguze, kwa sababu vinaupeleka moyo mbio na wewe tayari una sababu za kutosha.

Na Mirembe. Nimeishi Dodoma muda wa kutosha kujua utani wa mji huu: mtu akikosea hesabu ya chenji anaambiwa arudishwe Mirembe. Hospitali hiyo iko tangu 1927, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wengi wanaopita getini asubuhi hurudi nyumbani mchana. Ni wafanyakazi, wanafunzi wa vyuo, akina mama wanaojifungua na kupatwa na sonona, watu waliokosa usingizi. Hakuna anayekuvisha alama. Lakini kwa hali yako si lazima uanzie huko. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kule unakaa foleni moja na mwenye jino na mwenye mguu, hakuna anayejua umefuata nini. Mtaalamu akiona kuna haja, ndiye atakayekuandikia kwenda mbele.

Jambo moja halisubiri miadi. Hukuandika kwamba umewahi kufikiria kufa, na huenda hujafikiria. Ila ikitokea siku ukaona ni heri usiwepo, au ukaanza kuwaza namna, mwambie mume wako saa hiyohiyo akupeleke hospitali yoyote iliyo karibu, hata iwe usiku wa manane. Hiyo ni dharura kama kutokwa damu.

Ukifika mapokezi usiseme una presha wala moyo, utarudishwa kwenye mzunguko uleule. Sema hivi: "Nina hofu inayonishika ghafla tangu nifiwe na baba 2021, moyo nimeshapimwa, naomba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili." Na ubebe majibu ya vipimo vyote ulivyokwisha kufanyiwa, wasije wakakuanzisha upya kwa malaria na taifodi.